Namba ya rubani haihamishiki: vyama vya marubani Marekani, ukongwe kazini na haki ya waliopunguzwa kazi

Mwanzisha uzi

Wadau, salaam. Uzi huu unahusu marubani wa mashirika ya ndege nchini Marekani na ugomvi ambao umevipasua vyama vyao vibaya kuliko migomo mingi dhidi ya waajiri. Nauzungumzia ugomvi wa nani amtangulie nani katika orodha ya ukongwe kazini, hasa pale anapohusika mwenzao aliyepunguzwa kazi kwa muda na anayesubiri kuitwa tena. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayepinga ajue anapinga nini: rubani aliyepunguzwa bado ni mwanachama, na chama kinachomhesabu kama mtu wa nje wakati wa kugawana nafasi kimeiacha kazi kilichoundiwa.

Tuanze na orodha yenyewe, kwa sababu asiyeijua hataelewa kwa nini watu wazima wenye taaluma moja wameburutana mahakamani kwa miaka mingi. Rubani anapoanza darasa la mafunzo katika shirika jipya hupewa namba. Walioanza siku moja hupangwa kwa kanuni iliyokubaliwa, katika baadhi ya mashirika kwa umri, mkubwa akimtangulia mdogo, hivyo tofauti ya miezi michache ya kuzaliwa inaweza kumweka mtu nyuma ya mwanadarasa mwenzake hadi siku ya kustaafu. Namba hiyo ndiyo inayoamua atarusha ndege ya aina gani, atakaa kiti cha kushoto kama kapteni au cha kulia kama rubani msaidizi, kituo chake kitakuwa mji upi, siku zipi za mwezi atalala kwake, na kama sikukuu ataila na wanawe au peke yake hotelini. Kila mwezi marubani huomba ratiba, na maombi hushughulikiwa kuanzia juu ya orodha kushuka, kwa hiyo aliye chini huchukua kilichobaki. Biashara ikianguka, orodha husomwa kutoka chini kupanda: wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka, na nafasi zikirudi, aliyetoka mwisho ndiye anayeitwa kwanza.

Tatizo ni kwamba namba hiyo haihamishiki. Kapteni mwenye miaka ishirini ya utumishi akihamia shirika jingine, au shirika lake likifa, anaanza upya chini kabisa kwa mshahara wa mgeni, akimsaidia kapteni ambaye huenda alikuwa bado sekondari wakati yeye anaongoza ndege kubwa kuvuka bahari. Daktari au mhasibu akihama huhama na uzoefu wake na kudai malipo yanayolingana nao, lakini rubani huhama na leseni na saa zake za kuruka tu.

Kabla mtu hajasema utaratibu huu ufutwe, akumbuke ulikotoka. Chama cha ALPA, kinachounganisha marubani wa mashirika mengi, kilianzishwa mwaka 1931, enzi ambazo meneja aliweza kumlazimisha rubani kupaa katika hali mbaya ya hewa kwa kumtishia riziki yake. Ukongwe ulimnyang'anya meneja fimbo hiyo. Rubani anayekataa kuondoka kwa sababu hakuridhika na injini hawezi kushushwa namba, na mwenzake aliyekubali kuondoka hawezi kupandishwa. Mimi naiona kinga hiyo kuwa ya abiria kabla haijawa ya rubani, na ndiyo sababu siungi mkono wanaotaka ukongwe uachwe na nafasi zigawiwe kwa hiari ya mwajiri.

Sasa tazameni yaliyowapata marubani wa TWA. Mwaka 2001 American Airlines ilinunua mali za TWA, shirika kongwe lililokuwa limefilisika. Marubani wa TWA walikuwa zaidi ya elfu mbili, na mkataba wao wa hali bora ulikuwa na kipengele cha kuwalinda: shirika likiuzwa, orodha mbili zitaunganishwa kwa utaratibu wa haki, na pande zikishindwana, mwamuzi ataamua. Waliambiwa kwamba kipengele hicho kikibaki mauzo hayatakamilika, wakakiachia. Chama cha marubani wa American, APA, ambacho kilijitenga na ALPA mwaka 1963, kikakubaliana na mwajiri juu ya orodha iliyowabandika zaidi ya elfu moja kati yao mkiani, chini ya rubani mgeni kuliko wote wa American. Miezi michache baadaye ikafika Septemba 11. Safari zikapungua, orodha ikasomwa kutoka chini, na watu waliokuwa na zaidi ya miaka kumi TWA wakatoka kwa mafungu wakati walioajiriwa American mwanzoni mwa mwaka uleule wamebaki vitini.

Waliishitaki ALPA, iliyokuwa ikiwawakilisha wakati ule, wakidai kwamba haikuwapigania kwa sababu ilitamani kuwarudisha marubani wa American chini ya mwavuli wake. Mwaka 2011 jopo la wananchi waliosikiliza kesi New Jersey likaona kwamba ALPA ilivunja wajibu wake wa kuwawakilisha wanachama kwa haki, na mwaka 2014 suluhu ikafikiwa kwa dola milioni 53. Wakati huo wengi wao walikuwa wamekwisha kustaafu au kupoteza miaka yao bora ya kuruka, na fedha hairudishi kiti cha kushoto. Jambo moja lililobaki la manufaa ni sheria. Mwishoni mwa mwaka 2007 Maseneta wawili wa Missouri, Claire McCaskill na Kit Bond, walifanikisha kifungu kinachosema kwamba mashirika yakiungana, orodha ziunganishwe kwa haki na usawa, na wasipokubaliana, shauri liende kwa mwamuzi. Kubandikana mkiani kwa nguvu ya wingi kukawa kumezibiwa njia. Hata hivyo, sheria haikusema nini maana ya haki kwa mtu ambaye siku ya muungano yuko nyumbani akisubiri simu.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, kuhusu TWA sina ubishi nawe. Ila umeruka kesi iliyo ngumu zaidi, ile ya US Airways na America West, ambayo inaupa msimamo wako mtihani wa kweli.

Mwaka 2005 America West ya Phoenix iliungana na US Airways, iliyokuwa imeomba ulinzi wa kufilisika mara mbili, mwaka 2002 na mwaka 2004. Jina lililobaki ni US Airways lakini uongozi ulitoka America West. Marubani wa upande wa Mashariki, yaani wa US Airways ya awali, walikuwa zaidi ya maradufu ya wale wa Magharibi, yaani wa America West, walikuwa na utumishi mrefu zaidi, na zaidi ya 1,500 kati yao walikuwa wamepunguzwa. Pande zote mbili zilikuwa chini ya ALPA na zilikubali utaratibu wake: mazungumzo, kisha usuluhishi, kisha mwamuzi ambaye neno lake ni la mwisho. Mashariki walitaka orodha ifuate tarehe ya kuajiriwa. Magharibi walijibu kwamba tarehe peke yake ingewafanya watu wa shirika lililokuwa linazama wapande juu ya watu wa shirika lililoliokoa.

Mwamuzi, George Nicolau, alitoa uamuzi Mei 2007. Aliwaweka marubani 517 wa Mashariki juu kabisa kwa kuwa walileta ndege kubwa za safari ndefu ambazo Magharibi hawakuwa nazo, akawachanganya waliobaki kazini kwa uwiano, na waliopunguzwa akawaweka chini. Matokeo yake rubani wa Mashariki aliyeajiriwa mwaka 1988, lakini aliyekuwa nyumbani siku ya muungano, alijikuta nyuma ya kijana aliyeajiriwa Magharibi miezi michache tu kabla. Inauma kuisoma. Lakini nikuulize kwa heshima: yule wa 1988 alileta kazi gani mezani? Kiti chake kilikuwa kimekwisha kufa kabla ya ndoa hii. Ukimrudisha juu, unakitoa kiti kwa kijana ambaye kazi yake ilikuwa hai, na kesho upepo ukigeuka ni huyo kijana atakayepunguzwa kwa sababu ya kuanguka kwa shirika ambalo hakuwahi kulitumikia.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na sitalikwepa. Nakubali nusu ya hoja. Mwamuzi hakuweza kuwapa waliopunguzwa viti ambavyo havikuwepo, na tarehe ya kuajiriwa ingewatendea vibaya watu wa Phoenix. Ninapotofautiana na Nicolau ni pale alipowafanya wote waliopunguzwa kuwa fungu moja lisilo na historia. Miaka kumi na saba ya kuwa mwanachama, kulipa ada na kukatwa mishahara ili shirika lisife ina uzito fulani, hata kama si uzito wote. Angeweza kuwapandisha wenye utumishi mrefu zaidi kidogokidogo katika theluthi ya chini, na kuweka sharti kwamba hakuna wa Magharibi atakayepoteza kiti chake cha wakati ule kwa ajili yao. Masharti ya namna hiyo ya kuzuia watu kunyang'anyana viti kwa miaka kadhaa yametumika katika miungano mbalimbali.

Lakini kilichofuata sikitetei hata chembe. Watu wa Mashariki walikuwa wametia saini kwamba neno la mwamuzi litakuwa la mwisho, na lilipotoka wasilolipenda wakatumia wingi wao kuunda chama kipya, USAPA, ambacho kiliiondoa ALPA kwa kura mwaka 2008 kwa ahadi ya kurudisha tarehe ya kuajiriwa. Ili orodha ya Nicolau isianze kutumika, ilibidi mkataba wa pamoja usipatikane, na kwa miaka mingi marubani wa Mashariki walibaki katika mishahara ya enzi ya kufilisika kuliko kukubali nyongeza ambayo ingekuja na orodha ile. Mwajiri alikuwa na marubani wa makundi mawili, orodha mbili na mikataba miwili, na hakulazimika kumlipa yeyote kwa kiwango cha washindani wake wakubwa. Magharibi walishinda mbele ya jopo la wananchi Phoenix mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ikatengua mwaka uliofuata kwa kuwa shauri lilikuwa limeletwa kabla ya wakati, kisha mwaka 2015 mahakama hiyohiyo ikaona kwamba USAPA ilivunja wajibu wake kwa Magharibi. Wakati huo US Airways ilikuwa tayari imeungana na American tangu Desemba 2013, na orodha ya mwisho ilitolewa na waamuzi watatu mwaka 2016. Kutoka muungano wa kwanza hadi hapo ni miaka kumi na mmoja, na kila mwaka uliopita ulimla zaidi yule wa mkiani ambaye wote walidai wanamtetea.

Mchangiaji wa tatu

Naomba mnifafanulie upande wa ajira mpya. Shirika moja linapopunguza watu, jingine huwa linaajiri. Hawa waliopunguzwa wana maelfu ya saa za kuruka na wanajua ndege hizohizo. Kwa nini wasichukuliwe kwanza? Nimesoma kwamba wengine huombwa wajiuzulu kule walikotoka kabla ya kupewa kazi. Kwa upande wa mwajiri nadhani sababu iko wazi: kumfundisha rubani aina mpya ya ndege kunachukua majuma mengi na kunagharimu fedha nyingi, na hakuna anayetaka kumfundisha mtu atakayeondoka mara tu akiitwa kwao.

Mwanzisha uzi

Umeshika penyewe, na sababu ya mwajiri ni ya kweli. Lakini tazama sharti lile linavyofanya kazi kwa mtu mmoja. Amekaa nyumbani miaka miwili. Mfukoni ana namba katika shirika kubwa, yenye haki ya kuitwa tena ndani ya muda uliowekwa na mkataba. Mezani ana barua kutoka shirika jingine inayomtaka aandike kwa mkono wake kwamba anaiacha namba hiyo milele. Akisaini na shirika la zamani likainuka, wenzake wa darasa watarudi na kuwa makapteni huku yeye akihesabu siku za majaribio kwingine. Asiposaini, na shirika la zamani likapunguza tena, amekosa kote kuwili. Hakuna taaluma nyingine ninayoijua inayomtaka mtu auze urithi wake ili apate kibarua. Kwa maoni yangu mwajiri angeweza kulindwa kwa njia nyepesi, kwa mfano rubani kuahidi kutumikia muda fulani baada ya mafunzo au kurudisha sehemu ya gharama akiondoka mapema, na namba yake ya zamani ikabaki yake.

Vyama navyo vilijaribu njia zake, na hapa ndipo majirani walipoumizana. Mashirika makubwa ya Marekani hutumia mashirika madogo kurusha ndege ndogo kwa nembo zao. Baada ya 2001, US Airways na chama chake walikubaliana kuruhusu ndege ndogo za jeti ziongezeke katika mashirika hayo, kwa sharti kwamba sehemu ya nafasi za kuzirusha wapewe marubani wake waliopunguzwa. Mpango huo ulijulikana kama jeti kwa ajira. Kwa aliyekuwa hana kazi ulikuwa mkono wa uokoaji. Kwa rubani msaidizi wa shirika dogo aliyengoja miaka mitano kupata kiti cha kushoto, ulikuwa ni mgeni aliyeshuka kutoka juu na kukikalia kiti hicho mbele ya macho yake. Yalitokea yaleyale kati ya American na American Eagle, ambako makubaliano ya mwaka 1997 yaliwaruhusu marubani wa Eagle kupanda kwenda American kwa zamu, na wa American waliopunguzwa kushuka Eagle wakiwa makapteni. Njia ya kushuka ilitumika sana baada ya Septemba 11 huku ya kupanda imeziba, na wengi wa Eagle wakaona wamelipa mkopo ambao hawakuwahi kuuchukua.

Naongeza jambo moja ambalo husahaulika. Desemba 2007, mwezi uleule wa kifungu cha McCaskill na Bond, Marekani ilipandisha umri wa mwisho wa kurusha ndege za abiria za mashirika kutoka miaka 60 hadi 65. Wakongwe walipata miaka mitano zaidi juu ya orodha. Kwa waliopunguzwa, kila kapteni ambaye angestaafu na kuacha pengo alibaki, na simu waliyokuwa wakiisubiri ikasogezwa mbele. Nao waliokwisha kutimiza 60 na kuondoka kabla ya siku ya sheria hawakurudishiwa ukongwe wao. Aliyetaka kurudi alirudi kama mwajiriwa mpya.

Mchangiaji wa nne

Kwa nini basi isiwepo orodha moja ya nchi nzima, rubani akihama ahame na miaka yake? Mabaharia na mafundi wengi hupangiwa kazi kupitia vyama vyao.

Mwanzisha uzi

Wazo hilo limezungumzwa mara nyingi ndani ya ALPA na halijawahi kufika popote. Kila anayelipenda ni yule ambaye shirika lake linayumba, na kila anayelipinga ni yule ambaye shirika lake lina afya, na mwaka ukibadilika wanabadilishana viti vya hoja. Marubani wa American wana chama chao, wa Southwest wana chao, na waajiri hawatakubali kwa hiari kuajiri mgeni kwa mshahara wa mwaka wa ishirini wakati wanaweza kumpata kwa mshahara wa mwaka wa kwanza. Hatua ndogo ingewezekana: miaka ihame kwa ajili ya mshahara na likizo tu, na nafasi katika orodha ibaki ya shirika. Hilo halimnyang'anyi mtu kiti, na lingepunguza sana maumivu ya anayeanza upya akiwa na miaka hamsini.

Wakati wa janga la korona tuliona kwamba vyama vikitaka vinaweza. Sheria ya misaada ya Machi 2020 ilitenga dola bilioni 25 za mishahara kwa mashirika ya abiria kwa sharti la kutopunguza watu hadi Septemba 30. Tarehe ilipokaribia, United ilikuwa imewapangia marubani 2,850 kutoka, na wenzao wa juu wakakubali kupungukiwa saa za kazi ili hao wabaki. Aliyekuwa na namba nzuri alipoteza sehemu ya kipato chake kwa ajili ya mtu ambaye pengine hamjui hata kwa sura.

Na nimjibu tena ndugu yetu wa pili aliyeuliza waliopunguzwa wanaleta kazi gani mezani. Mwaka 1985 marubani wa hiyohiyo United waligoma siku 29 kupinga mishahara duni kwa waajiriwa wapya. Shirika lilikuwa limewafundisha marubani 570 wapya, likitegemea wataruka wakati wa mgomo. Karibu wote walikataa kuvuka mstari wa wagomaji, na shirika likatangaza kwamba halitawaajiri. Suala la fedha lilipokwisha kupata mwafaka, wagomaji waliendelea kukaa nje, na mojawapo ya mambo yaliyowazuia kurudi lilikuwa hatima ya hao 570, watu ambao hawakuwa wamesafirisha abiria hata mmoja na hawakuwa na namba yoyote katika orodha. Mahakama zikaamua kwamba walikuwa waajiriwa na kwamba kuwafungia mlango kulikuwa kulipiza kisasi. Waliingia, wakapewa namba zao, na wengi wao wakastaafu wakiwa makapteni wa shirika hilo.